Mlima wa Theluji Huchaguliwa kwa Miguu ya Mtoto

Mapumziko si anasa ya wenye nacho peke yao. Mfanyakazi aliyeamka alfajiri mwaka mzima, akapanda basi gizani kwenda kiwandani, hospitalini au bohari, anastahili juma moja la kukaa na aila yake pasipo kuitazama saa. Hilo hatuna haja ya kulibishania. Linalobishaniwa katika nyumba nyingi ni jambo jingine: juma hilo litumike wapi, na kwa fedha kiasi gani, ili watu warudi wakiwa wamepumzika badala ya kurudi na madeni na manung'uniko.

Leo tuzungumze habari ya mchezo ambao kwa wengi wetu tulio huku ni kitu cha kutazamwa kwenye televisheni tu, lakini kwa ndugu zetu wanaofanya kazi London, Berlin au Stockholm umekwisha kuwa suala la nyumbani. Huo ni mchezo wa skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa vibao virefu vilivyofungwa miguuni. Watoto wao husoma na wenzao ambao kila majira ya baridi hupelekwa milimani, na mtoto akirudi kutoka shule akauliza, "Baba, na sisi tutakwenda lini?" mzazi hana budi kuwa na jibu. Bei za Uswisi na Ufaransa aghalabu humshinda mtu wa mshahara wa kawaida. Ndipo jina la Bulgaria linapotajwa.

Ushauri huo si mbaya. Nchi hiyo ya Ulaya ya Kusini-Mashariki si mgeni katika kazi ya kupokea watu. Kituo chake cha kwanza cha mlimani, Borovets, kilianza mwaka 1896. Shirika la utalii la serikali, Balkantourist, liliundwa mwaka 1948, na katika miaka ya 1970 na 1980 wafanyakazi kutoka Ulaya ya Mashariki na ya Magharibi pia walikuwa wakienda huko kufuata theluji ya bei nafuu. Mambo ya siasa na uchumi yalibadilika baada ya 1989, na mwaka 2007 nchi ikaingia katika Umoja wa Ulaya, lakini sifa ya unafuu imebaki.

Hata hivyo, kusema "twende Bulgaria" hakujamaliza kazi, kwani huko kuna vituo vitatu vikubwa vya skii, na havifanani. Kuna Bansko, kuna Borovets, na kuna Pamporovo. Anayechagua kwa jina kubwa, au kwa bei ndogo iliyochapishwa kwenye tangazo, huenda akapoteza akiba ya mwaka mzima kwa siku sita. Rai ya safu hii ni moja: familia na ichague mlima kwa kuangalia miguu ya yule aliye dhaifu kuliko wote miongoni mwao. Nawe msomaji usiye na nia ya kuiona theluji, usigeuze ukurasa, kwa sababu kanuni hiyo hufaa hata kwa safari ya kwenda pwani.

Familia ya watu wanne

Tuchukue mfano. Baba ni dereva wa basi na mama ni muuguzi. Wana binti wa miaka 13, ambaye amekwisha kufundishwa skii kidogo katika safari ya shule, na mvulana wa miaka 6 ambaye hajapata kukanyaga theluji isipokuwa ile ya barabarani. Wazazi wenyewe hawajapata kuvaa vibao hata siku moja. Je, mlima wao ni upi?

Kwanza yafaa tujue jinsi mchezo wenyewe unavyokwenda. Njia za kutelezea hupangwa kwa rangi. Kijani ni mteremko wa kuanzia, usio na haraka. Buluu ni rahisi. Nyekundu ni ya mtu aliyekwisha kuzoea, na nyeusi ni ya fundi. Watu hupandishwa juu kwa lifti. Lifti nyingine ni viti vinavyoning'inia kwenye waya mnene. Nyingine ni vibanda vilivyofungwa, ambavyo huitwa gondola. Na kwa watoto na wanaoanza kuna mkeka unaokwenda wenyewe mithili ya ngazi za umeme madukani. Wakifika juu huteleza mpaka chini, kisha wakapanda tena. Kwa kutumia lifti hizo hulipiwa pasi, ambayo huhesabiwa kwa siku. Aliyelipia siku nzima akateleza mara mbili tu amewasaidia wenye mlima, hakujisaidia mwenyewe.

Katika hilo ndimo siri ya gharama ilimo. Iwapo mvulana wetu atatishwa siku ya pili, akalia na kukataa kuvaa mabuti, mzazi mmoja atalazimika kubaki naye hotelini. Hapo pasi mbili kati ya nne zimekufa, pamoja na vibao viwili vilivyokodiwa na masomo yaliyolipiwa. Nusu ya matumizi ya mlimani imekwenda na maji, na hakuna hoteli ya bei nafuu itakayoirudisha. Kwa hiyo woga wa mtoto ni jambo la hesabu pia, mbali na kuwa ni jambo la huruma.

Rahisi huvunja upishi

Wazee walisema kwamba rahisi huvunja upishi. Tangazo la safari hutaja aghalabu ndege na chumba tu. Baada ya hapo kuna pasi ya lifti, kuna kukodi vibao, mabuti, fimbo na kofia ngumu, kuna mwalimu, kuna nguo zisizopenya maji, kuna bima, kuna basi la kutoka uwanja wa ndege, na kuna chakula cha mchana mlimani. Andika yote hayo kwenye karatasi, zidisha kwa watu wanne na kwa siku sita, ndipo ulinganishe kituo na kituo. Mara nyingi utaona kuwa chumba kilichokuvutia kwa unafuu wake ni sehemu ndogo tu ya hesabu.

Uliza pia kama anayeanza analazimika kununua pasi ya mlima mzima. Mtu wa siku ya kwanza hushinda kwenye mteremko mmoja mdogo, na pasi ya milima yote kwake ni sawa na kununua gari kabla ya kujua kuendesha. Uliza vilevile umbali wa chumba hadi kwenye lifti. Katika miaka ya 2000 majengo mengi mno ya vyumba vya kupangisha yalijengwa Bansko, na mengine yako mbali na kituo cha gondola. Mabuti ya skii ni mazito na magumu, hayakufanywa kwa ajili ya kutembea. Mama akibeba vibao vyake na vya mtoto kwa nusu saa kila asubuhi juu ya barabara yenye barafu, hayo hayawezi kuitwa mapumziko.

Mintarafu ya fedha, tangu tarehe 1 Januari 2026 Bulgaria inatumia euro. Kabla ya hapo fedha yake ilikuwa lev, na euro moja ilikuwa sawa na lev 1.95583. Ukisimuliwa na mtu aliyekwenda miaka iliyopita kwamba kitu fulani kilimgharimu 100, muulize kwanza ni 100 ya fedha gani, maana jibu laweza kuwa maradufu. Na mintarafu ya hati, Bulgaria imo kikamilifu katika eneo la Schengen tangu tarehe 1 Januari 2025. Mtanzania mwenye kibali cha kuishi Ujerumani hapati taabu ya viza; lakini aishiye Uingereza kwa pasipoti ya Tanzania hana budi kuiomba viza ya Schengen mapema, na gharama yake iingie katika ile karatasi ya hesabu.

Bansko: mlima mrefu na foleni ndefu

Bansko ndiyo yenye jina kubwa. Ni mji halisi wenye wenyeji wake, umejengwa chini ya milima ya Pirin, kiasi cha kilometa 160 kusini mwa Sofia. Kilele cha Pirin, Vihren, kina meta 2914, na mwamba wake ni marumaru. Njia za kutelezea huanzia karibu na meta 2600, na kwa jumla zina urefu wa kama kilometa 75. Mashindano ya Kombe la Dunia yamefanyika hapo. Kijana anayejua skii atafurahi, na mtu mzima atafurahi jioni, kwani mji wa kale una nyumba za mawe na mikahawa ya kienyeji iitwayo mehana, ambamo moto huwaka na chakula hupikwa katika vyungu.

Bansko pia ndipo alipozaliwa, mwaka 1909, mshairi Nikola Vaptsarov, aliyefanya kazi ya ufundi wa mitambo viwandani na kuuawa kwa kupigwa risasi mwaka 1942 kwa sababu ya kupinga ufashisti. Nyumba yao sasa ni makumbusho. Mzazi mwenye kupenda watoto wake wajue jambo zaidi ya kuteleza asiache kupita hapo.

Lakini iko dosari kubwa. Mji uko chini, kwenye meta zipatazo 930, ilhali theluji ya kutegemewa iko juu. Kinachounganisha mji na mlima ni gondola moja, yenye urefu wa zaidi ya kilometa 6. Asubuhi za msimu watu wote huikimbilia hiyo hiyo. Hata mtoto anayeanza hana budi kupanda, kwa kuwa viwanja vya wanaoanza viko juu, Banderishka Polyana. Mtoto wa miaka 6 akisimama kwenye foleni kwa saa nzima na mabuti yake magumu, atafika kwa mwalimu akiwa amechoka kabla ya somo kuanza.

Wengine huuliza kwa nini isijengwe gondola ya pili. Jambo hilo si jepesi kama linavyosikika. Pirin ni hifadhi ya taifa, na tangu mwaka 1983 imo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2010 eneo hilo la urithi lilipopanuliwa, sehemu za skii ziliachwa nje na kufanywa ukanda wa pembeni. Mwanzoni mwa mwaka 2018 watu waliandamana Sofia na kwingineko kupinga mabadiliko ambayo waliona yangefungua mlango wa ujenzi zaidi katika hifadhi. Upande mmoja wapo wenyeji wanaotaka kazi, na upande wa pili wapo wanaoulinda msitu. Wote wana hoja. Almuradi mgeni ajue kwamba foleni hiyo haitaondoka kesho, apange safari yake kwa kuihesabu.

Borovets: mlima wa karibu

Borovets iko katika milima ya Rila, kilometa 70 hivi kutoka Sofia, kwenye meta 1350 za mwinuko. Juu yake kuna Musala, wenye meta 2925, ambao ni mrefu kuliko milima yote ya Balkani. Hapo zamani pakiitwa Chamkoria, na Mtawala Ferdinand na watu wake walikuwa wakienda kuwinda.

Sifa yake ya kwanza ni ukaribu. Familia ikitua Sofia mchana, jioni hiyo hiyo itakuwa imekwisha kufungua mizigo. Kwa mtu mwenye siku tatu au nne tu, saa chache zinazookolewa barabarani ni sehemu kubwa ya likizo. Sifa ya pili ni kwamba hoteli ziko chini ya mlima, na viwanja vya wanaoanza viko karibu nazo, kiasi kwamba mtoto akichoka anaweza kurudishwa kitandani bila kushuka na gondola. Sifa ya tatu ni njia zenye taa, ambapo watu huweza kuteleza hata baada ya jua kutua.

Dosari zake nazo zisifichwe. Eneo la skii limegawanyika sehemu tatu: Sitnyakovo, Yastrebets na Markudjik. Markudjik, iliyo juu kabisa na yenye theluji nzuri, hufikiwa kwa gondola ya Yastrebets, iliyojengwa mwaka 1986. Upepo ukivuma kwa nguvu gondola husimamishwa, na watu wote hurundikana chini. Tena Borovets si mji. Nje ya hoteli, mikahawa na baa hakuna mengi. Mji wenye soko na maisha ya kila siku ni Samokov, mwendo wa kilometa 10.

Pamporovo: mlima mpole

Pamporovo iko kusini, katika milima ya Rhodope, umbali wa kilometa 85 hivi kutoka jiji la Plovdiv. Kilele chake, Snezhanka, kina meta 1926 tu, na juu yake kuna mnara wa televisheni wenye meta 156 unaoonekana toka mbali. Fundi wa skii atasema mlima huo ni mdogo, na ni kweli. Njia zake nyingi ni za taratibu, zimepita katikati ya misonobari inayokinga upepo, na jua halikosekani kwa siku nyingi.

Kwa familia yetu, udogo huo ndio faida. Kutoka Snezhanka iko njia ya upole ambayo hata anayeanza, baada ya siku chache za mafunzo, anaweza kuishuka kutoka kileleni mpaka chini. Wasomaji na waitafakari furaha ya mtoto wa miaka 6 aliyeshuka mlima mzima kwa miguu yake mwenyewe, mbele ya mamaye. Binti wa miaka 13 naye hatakosa cha kufanya, kwani njia nyekundu zipo, na ipo moja kali sana iitwayo Stenata, yaani Ukuta, ya kutazamwa kwa heshima.

Udhaifu wa Pamporovo ni theluji. Mlima usio mrefu na ulio kusini hutegemea sana mitambo, ambayo hupuliza matone madogo ya maji hewani usiku wa baridi yakaganda kabla ya kuanguka. Mitambo hiyo huhitaji baridi ya kutosha. Mwezi wa Desemba ukiwa na joto, au Machi ikielekea mwisho, haifui dafu. Aidha, hoteli nyingine ziko mbali na lifti, hivyo ulizia basi la hoteli kabla ya kulipa.

Basi jibu ni lipi?

Familia ile ya dereva na muuguzi, ikiwa ina juma zima, na iende Pamporovo mwaka wa kwanza. Ikiwa ina siku tatu au nne, na iende Borovets. Bansko na ingoje mpaka wote wanne waweze kushuka njia ya buluu bila kuanguka kila hatua. Binti atalalamika, kwa sababu wenzake shuleni wanaitaja Bansko. Na asikilizwe, lakini aelezwe kwamba mwenda pole hajikwai, na kwamba safari ya familia hupimwa kwa hatua za aliye nyuma. Ikiwa familia nyingine ina vijana watupu walioiva katika mchezo, jibu hugeuka: kwao Pamporovo itachosha siku ya tatu, na Bansko ndiyo yenye thamani ya fedha yao.

Wakati wa kwenda nao una uzito kama pahali penyewe. Majuma ya Januari baada ya mwaka mpya huwa na baridi ya kutosha na watu wachache. Februari, shule za Ulaya zinapofungwa, bei hupanda na foleni hurefuka. Jumamosi na Jumapili watu wa Sofia hujaa Borovets na Bansko. Vivyo hivyo siku zilizo karibu na tarehe 3 Machi, ambayo ni sikukuu ya taifa. Mwenye watoto wa shule hana uhuru wa kuchagua juma, lakini anao uhuru wa kuamka mapema, na wa kuitumia Jumamosi kwa matembezi badala ya lifti.

Usalama usipunguzwe

Akiba ikipungua, baba hutafuta pa kukata. Na akate kwenye chumba, akate kwenye chakula cha mkahawani, lakini asikate kwenye mwalimu, kofia ngumu na bima. Baba asimfundishe mwanawe jambo asilolijua. Mwalimu akiulizwa, aulizwe idadi ya watoto anaowachukua kwa kundi moja na lugha anayoitumia. Ikumbukwe pia kwamba kwa desturi ya Bulgaria mtu akikubali hutikisa kichwa upande na upande, na akikataa hukiinua au kukiinamisha kama sisi tunapokubali. Mtoto akimwuliza mwalimu, "Nishuke?" na mwalimu akajibu kwa kichwa tu, kutoelewana huko kwaweza kumwumiza mtu. Watoto wafundishwe kungoja neno.

Bima ya kawaida ya safari mara nyingi haihusishi michezo ya theluji. Isome kabla ya kutia sahihi, na uhakikishe kuwa imetaja skii na gharama za kuokolewa mlimani. Kazi ya uokoaji hufanywa na kikosi maalumu cha Msalaba Mwekundu wa Bulgaria, na simu ya dharura ni 112, kama ilivyo katika nchi nyingine za Umoja wa Ulaya. Shirikisho la kimataifa la skii lina kanuni 10 za mwenendo mlimani. Katika hizo mzazi asisahau hii: anayetoka juu ndiye mwenye wajibu wa kumkwepa aliye mbele yake, maana aliye mbele hana macho kisogoni.

Jua nalo lisidharauliwe. Miale inayounguza huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10 kila unapopanda meta 1000, na theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale hiyo usoni. Miwani na mafuta ya kukinga jua vinahitajiwa na kila ngozi, nyeusi na nyeupe.

Asiyeteleza naye ni mtu

Pengine bibi yumo safarini, au mama ni mjamzito, au baba ana goti bovu. Huyo naye amelipiwa nauli, na likizo ni yake pia. Karibu na Bansko kuna kijiji cha Banya chenye chemchemi za maji ya moto, dawa ya mifupa iliyochoka. Reli nyembamba kutoka Septemvri, yenye upana wa milimita 760, hupita Bansko kuelekea Dobrinishte. Safari yake yote huchukua kama saa tano kwa kilometa 125, hivyo haifai kwa mwenye haraka, bali kwa mwenye kupenda kutazama milima dirishani. Aliye Pamporovo anaweza kutembelea mji wa Smolyan, au kijiji cha Shiroka Laka chenye shule ya muziki wa kienyeji. Kutoka Rhodope ndiko alikotokea mwimbaji Valya Balkanska, ambaye sauti yake ilipelekwa angani katika santuri za vyombo vya Voyager mwaka 1977.

Chakula hakitawashinda watu wetu. Ipo supu ya utumbo, iitwayo shkembe, ambayo huliwa kwa vitunguu saumu na siki. Ipo supu ya maharage, na maharage ya Smilyan, kutoka upande ule wa Rhodope, yana sifa nchi nzima. Nyama ya nguruwe hutumika sana, kwa hiyo Mwislamu aulize kabla ya kuagiza. Samaki, jibini, maharage na mboga hazikosekani. Katika vijiji vya Rhodope waishi Waislamu wengi wa Kibulgaria, na misikiti ipo.

Kabla fedha haijatoka mkononi, basi, familia na ikae mezani pamoja, na maswali haya yajibiwe kwa maandishi: Tuna siku ngapi? Nani kati yetu hajui kabisa, na kiwanja chake kiko umbali gani kutoka kitandani? Pasi, vifaa, mwalimu na bima vimo katika bei au viko nje? Theluji ya majira hayo ni ya kutegemewa? Asiyeteleza atafanya nini? Yakishajibiwa, jina la mlima litajitokeza lenyewe, na tangazo la rangi nzuri halitakuwa na nguvu ya kuwapeleka wasikokutaka.

Mtoto aliyefundishwa vizuri mwaka huu ndiye atakayewavuta wazazi wake kwenda Bansko miaka miwili baadaye, akiwa mbele yao kwenye foleni. Aliyetishwa atabaki nyumbani, na kwa kawaida mmoja wa wazazi wake atabaki naye.